Kometi inapolikaribia jua: tarehe hutimia, mwangaza hauna ahadi

Mwisho wa Oktoba 2024, ufukweni Dunga, Kisumu, mama mmoja muuza samaki aliniuliza, "Mwalimu, ile nyota yako yenye mkia imepotelea wapi?" Ilikuwa haki yake kuuliza. Mimi ndiye niliyemtangazia. Ilikuwa kometi ATLAS S1, iliyogunduliwa tarehe 27 Septemba. Kufika 28 Oktoba, siku ya kulizunguka jua, ilikuwa imesambaratika.

Dhana: Anayejua dakika ya kupatwa kwa jua anajua pia kometi itang'aa vipi.

Hapa ndipo tuliponaswa mwaka 2013. Tarehe 3 Novemba jua lilipatwa jioni, nusunusu huku Kisumu na lote kule Turkana, kwa saa ileile iliyotangazwa. Basi tuliposikia kwamba kometi ISON italipita jua tarehe 28 mwezi huohuo na kung'aa kushinda mwezi mpevu, nani angebisha?

Tarehe ilitimia. Njia ya kometi ni hesabu ya mvutano, sawa na ya mwezi. Mwangaza ni shauri jingine: unategemea gesi na vumbi vinavyofuka kutoka kwenye kiini, yaani bonge la barafu na vumbi, ambacho ukubwa wake haujulikani vizuri. Isitoshe, ISON ilikuwa ngeni kabisa, ikija kwenye jua kwa mara ya kwanza. Kometi za namna hiyo zina barafu ya gesi inayofuka mapema, zikiwa bado mbali. Ukiwasha jiko kwa karatasi, moto wa kwanza unaruka juu, lakini makaa hayajashika. Walioutazama moto ule wa karatasi ndio waliotuahidi mwezi wa pili angani.

Dhana: Barafu ikilisogelea jua hivyo, lazima iishe.

Kometi Lovejoy ilipita kilomita 140,000 hivi juu ya uso wa jua tarehe 16 Desemba 2011, ikatokea upande wa pili. Kiini kilivunjika siku chache baadaye, mkia ukabaki bila kichwa. ISON ilipita mbali zaidi, zaidi ya kilomita milioni moja, na ndiyo iliyokufa.

Yule mama alinielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Alifunua kasha lake la mbuta: bonge kubwa la barafu lilikuwa bado zima, vipande vidogo vimekuwa maji. Kometi nayo huliwa tabaka la juu kwanza, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo inavyobakiza. Tena haikai pale. ISON ilikuwa ikienda kilomita 377 kwa sekunde, yaani Kisumu hadi Nairobi kabla hujamaliza kupiga chafya. Hatari nyingine ni mvutano wa jua, unaovuta upande wa karibu kwa nguvu kuliko wa mbali. Kiini kilicholegea hupasuka.

Dhana: Mkia hufuata nyuma.

Hapana. Huelekea upande usio na jua, kwa hiyo kometi ikiondoka, mkia hutangulia.

"Na ile ya kabla yake?" mama akauliza. Hiyo ilikuwa Tsuchinshan-ATLAS, ambayo haikulisogelea jua kiasi hicho, na ambayo mwezi Julai ilitabiriwa kwamba itavunjika. Yeye aliiona jioni juu ya ziwa, bila kuambiwa na mtu. Alidhani ni moshi wa ndege.