Vita vya ndege za waya: hakuna anayetafuta kugonga

Jirani yangu hapa Ntinda, Kampala, aliona video ya ndege mbili ndogo za mfano zikizungushwa kwa waya na marubani waliosimama chini, akacheka: "Kumbe mshindi ni anayemgonga mwenzake!"

Sivyo. Kila ndege huburuta utepe wa karatasi uliofungwa nyuma kwa uzi, na shabaha ni utepe huo. Rubani huuchana kwa propela yake; katika kanuni za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, kila mkato ni alama 100. Pambano ni la dakika 4, injini haizidi sentimita 2.5 za ujazo, nyaya zina karibu mita 16. Marubani wawili husimama bega kwa bega katikati ya duara, wakipishana ili nyaya zisisokotane. (Ndiyo, husokotana.) Kugongana hutokea pia, lakini ni hasara: kila sekunde ndege inapokaa chini hupunguza alama, ndiyo maana mafundi hukimbilia ndege ya akiba.

Huenda wengine hupotoshwa na neno "kuua" (kwa Kiingereza "kill") linalosikika katika mchezo huu. Katika kanuni za zamani za Marekani lilimaanisha kukata uzi, utepe wote ukadondoka na pambano likaishia hapo.