Kardinali Lavigerie bado hajatangazwa mtakatifu

Kila Novemba inapokaribia, mimi katekista wa hapa Mwanza huulizwa swali lile lile: "Mwalimu, novena ya Mtakatifu Lavigerie inaanza lini?" Kardinali Charles Lavigerie alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892, na watu wanataka kumuenzi kwa novena, yaani sala ya siku tisa. Nia ni njema. Ila wengine hunijia kadi zikiwa zimeshachapwa, na kubadilisha hawataki.

Mwanzilishi huyu wa Wamisionari wa Afrika, Mapadre Weupe, hajatangazwa mtakatifu, wala mwenyeheri, ngazi iliyo chini ya hiyo. Najua mkanganyiko unatoka wapi. Waanzilishi wengine wa mashirika ya kitawa wametangazwa watakatifu: Don Bosco mwaka 1934, Daniele Comboni tarehe 5 Oktoba 2003, Yosefu Allamano wa Wakonsolata tarehe 20 Oktoba 2024. Basi watu wanadhani kila aliyeanzisha shirika ni mtakatifu. Sivyo. Kila mtu ana mchakato wake. Maandishi yake husomwa, mashahidi huhojiwa, Papa hutambua fadhila zake za kishujaa. Kisha unahitajika muujiza mmoja ili aitwe mwenyeheri, na mwingine, uliotokea baada ya hapo, ili aitwe mtakatifu. Mfiadini, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani, ndiye pekee hadaiwi ule wa kwanza.

"Lakini mwalimu, ubaya uko wapi? Si alikuwa mtu wa Mungu?" Hapo ndipo subira huniishia. Tangu amri za Papa Urbano VIII za mwaka 1625 na 1634, Kanisa limekataza heshima ya hadhara kwa marehemu ambaye halijamtangaza. Usichore duara la nuru kichwani pake, usiweke picha yake altareni, usiliingize jina lake kwenye litania, ile sala ya kuwaita watakatifu mmoja mmoja, usiombe Misa kwa heshima yake. Chumbani kwako mwombe akuombee, hakuna wa kukuzuia, kama unavyoweza kumwomba bibi yako aliyefariki katika imani. Lakini jumuiya nzima ikiitikia "Mtakatifu Lavigerie, utuombee", inatamka hukumu ambayo si yake kuitoa.

Tena wanamharibia. Mchakato wa mtu yeyote ukifunguliwa, askofu analazimika kuthibitisha kwamba marehemu hakupewa heshima ya hadhara kinyume na amri hizo. Kwa hiyo anayempachika utakatifu leo anamwekea kizuizi njiani. Na hasara inayoniuma kuliko zote ni kwamba tukishamwita mtakatifu, tunaacha kumwombea. Nendeni ofisi ya parokia mkaandikishe nia hivi: kumwombea marehemu Kardinali Lavigerie. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, na nitalisema tena.

Jumuiya inayotafuta msimamizi kutoka katika kazi yake inao tayari: Karoli Lwanga na wenzake, waliofundishwa imani na wamisionari aliowatuma, wakauawa Buganda, wakatangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Sikukuu yao ni 3 Juni. Hao waitieni kwa sauti zote.

Mengine ni mafupi. Wapo wanaosimulia kwamba Lavigerie alifika Bukumbi, misheni ya kwetu huku, akabatiza watu. Hakuwahi kuliona Ziwa Victoria. Alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers, akatuma wengine. Msafara wa kwanza wa wamisionari wake ulipita Bagamoyo mwaka 1878 na kufika Kageye, ufuko wa kusini wa ziwa, mwishoni mwa mwaka huo. Padre Lourdel na Bruda Amans wa msafara huo wakavuka ziwa, wakaingia Buganda Februari 1879. Bukumbi yetu, wilayani Misungwi, ilianza mwaka 1883, baada ya wamisionari kuondoka Buganda. Wanaosema injili ilitoka Bukumbi kwenda Uganda wamegeuza safari.

Wengine wanasema alikomesha utumwa. Alipigana nao kwa kuhubiri: mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Brussels akieleza biashara ya watu ilivyokuwa ikifanyika Afrika, na kelele hiyo ilisaidia kuuandaa mkutano wa Brussels wa 1889 hadi 1890. Tanganyika, sheria ya kufuta utumwa ilikuja mwaka 1922, yeye akiwa kaburini miaka 30. Anayetaka tunda la vita hiyo amsome Adrian Atiman, mtoto aliyekombolewa utumwani, akasomea udaktari Malta, kisha akatibu na kufundisha dini Karema, Ziwa Tanganyika, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Na lipo la mwisho, linalonigusa kazini: eti wamisionari wa zamani walibatiza upesi upesi, sisi makatekista wa leo ndio tunaosumbua. Lavigerie aliagiza miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo, isipokuwa kwa aliye katika hatari ya kufa. Minne! Kwa hiyo unayetaka kumuenzi, usije kunibembeleza nikupunguzie miezi ya mafundisho kwa sababu ukumbi wa harusi umeshalipiwa. Njoo darasani tangu siku ya kwanza, na mdhamini wako aje nawe.