Skrini tatu, jicho moja

Wanaoanza kutengeneza video za skrini nyingi huniuliza waweke skrini ngapi. Nami huwauliza: mtazamaji akiwa anaangalia hii, ile nyingine inafanya nini?

Jicho huona kwa ukali sehemu ndogo mno, takribani digrii mbili tu, sawa na upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kwingine kote ni ukungu, ila ukungu huo ni hodari wa kunasa mwendo. Kwa hiyo picha tatu zikicheza pamoja, mtazamaji haoni tatu. Anaona moja, huku mbili zikimvuta nguo kutoka pembeni. Mshika mawili moja humponyoka, na kazi ya mhariri ni kuamua lipi limponyoke, na lini.

Hilo nililijua kwa kuumia. Katika kazi yangu ya kwanza ya skrini tatu kila picha ilikuwa mbioni, mikato mifupi kila upande, na watu walitoka ukumbini mapema wakifikicha macho. Nilirudi mezani nikazituliza mbili: maji yasiyotikisika, uso unaosubiri. Ile ya tatu sikuigusa hata fremu moja, yaani hata picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda video, lakini ghafla watu wakaanza kuiona.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1927 mwongozaji wa filamu Mfaransa, Abel Gance, alifunga filamu yake kuhusu Napoléon kwa projekta tatu zilizopangwa ubavu kwa ubavu; mara zinaungana kuwa picha moja pana, mara kila moja inashika njia yake. Lakini kazi ninayoirudia zaidi ni ya Shirin Neshat, msanii mzaliwa wa Iran: video iitwayo Turbulent, ya mwaka 1998. Ina skrini mbili tu, na zinatazamana. Upande mmoja mwanamume anaimba mbele ya ukumbi uliojaa wanaume. Upande wa pili mwanamke ametupa mgongo, anangoja. Mwanamume akimaliza, mwanamke anaanza kuimba bila maneno katika ukumbi mtupu, na yule mwanamume anabaki akikodoa macho, kana kwamba sauti imevuka chumba na kumfikia. Wewe umesimama katikati. Ukimgeukia mmoja, mwingine yuko nyuma yako. Nchini Iran mwanamke haruhusiwi kuimba peke yake mbele ya wanaume, na hapo shingo yako ndiyo inayolazimika kuchagua nani asikilizwe. Kwa skrini moja jambo hilo lisingewezekana kabisa.

Sauti, basi, ndiyo usukani. Nikitaka watu wageukie kushoto, spika ya kushoto hutangulia sekunde moja kabla ya picha. Hata kikohozi kinatosha.

Kuhusu mitambo nitasema moja. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Vicheza video viwili visivyounganishwa huanza pamoja, kisha kila video inaporudia mwanzo pengo kati yao huweza kuongezeka, hadi jioni mkono unapiga meza hapa na mlio unatokea pale. Viunganishe kwa mtandao vifuate saa moja, au hariri kazi isiyojali pengo hilo.

Ninayoihariri sasa ina skrini tatu, na ya kulia ni nyeusi kwa dakika nne za mwanzo. Bado natafuta sauti ya kuiwasha.