"Dokta, mbona ng'ombe wangu alifungwa vijiti akapona?"

Jumamosi iliyopita nilikuwa nasubiri pancha izibwe njia ya kwenda Kisongo, pembeni hapo kuna kibanda cha kubeti na machalii wamejaa wanaangalia mbio za farasi kwenye tivii. Farasi mmoja akaanguka, kamera ikahama fasta, kikaonekana tu kipande cha pazia la kijani kwa mbali. Chalii mmoja akasema "huyo kwisha habari yake, wazungu bwana, mguu tu wanaua". Fundi ananijua, akasema muulizeni dokta wa mifugo huyu hapa. Nikaulizwa kwa nini farasi anauawa kwa kuvunjika mguu tu, nikaeleza weee, na nilivyomaliza mzee mmoja aliyekuwa kakaa kwenye benchi na fimbo yake akanishushia swali ambalo nimelisikia Ngaramtoni, nimelisikia Usa River, nimelisikia mpaka Moshi: "Sawa dokta, lakini mimi ng'ombe wangu alivunjika mguu nikamfunga vijiti, akapona, akazaa mara mbili. Huyo farasi ana nini?"

Naandika hii ili kuanzia leo nikiulizwa niwe natuma tu.

Kwanza mfupa wa farasi unaunga. Unaunga kama wa mbuzi, kama wako. Hakuna kitu kwenye mfupa wa farasi kinachokataa kuunga, kwa hiyo anayekwambia "mfupa wa farasi hauungi" naye anakudanganya kama yule anayesema fungeni vijiti. Shida ni kipindi kile cha kusubiri uunge, wiki nane, kumi, na kuendelea, huyo mnyama anakuwa wapi na amekaaje.

Chukua ng'ombe wa mzee. Ukishamfunga vijiti anafanyaje? Analala. Anacheua. Anakaa chini masaa na masaa hana habari na mtu, akitaka kuinuka anainua makalio kwanza halafu anajivuta mdogo mdogo. Mbuzi ndo usiseme, kilo 30, anarukaruka na miguu mitatu mpaka kwenye majani na jioni anagombana na wenzie. Na wazee wa Kimasai kwenye mifupa ya mbuzi wana mikono ambayo mimi sikufundishwa chuoni Morogoro, hapo sibishani nao hata kidogo.

Sasa njoo kwa farasi wa mbio. Kilo 450, 500. Zaidi ya nusu ya huo uzito umekaa miguu ya mbele, na kuanzia goti kwenda chini hakuna msuli, ni ngozi, kano na mfupa basi, na damu inayofika kule ni ya kuhesabu. Anakimbia kilomita 60 kwa saa. Mfupa ukiachia kwenye spidi hiyo mara nyingi haukatiki kama kijiti, unapasuka kama sahani, na kabla jockey, yule anayempanda, hajaweza kumsimamisha ameshakanyagia vile vipande hatua nne tano, vingine vimetoboa ngozi vimeingia mchanga. Hapo hujaongea habari ya vijiti bado.

Halafu halali. Yaani analala kidogo sana, usingizi wake mwingi anaupiga amesimama. Ukimlazimisha akae chini siku nzima mapafu yanabanwa na uzito wake mwenyewe, misuli ya upande aliolalia inaanza kufa, utumbo nao unagoma. Kwa hiyo lazima asimame. Na akisimama, uzito wa ule mguu mbovu unahamia kwa jirani yake.

Hapa ndo watu wananipotea kwa hiyo nisomeni taratibu. Ndani ya kwato kuna mfupa, na huo mfupa umeshikiliwa na nyama laini zenye mikunjo mingi, kama vile kucha yako ilivyoshikwa na nyama ya chini yake. Farasi mzima kila saa anabadilisha, anapumzisha huu, anakanyagia ule, na ndivyo damu inavyopita kwenye hizo nyama. Akikosa nafasi ya kubadilisha, mguu mmoja ukabeba mzigo wa miwili mchana na usiku, zile nyama zinakosa damu, zinaanza kuachia, na mfupa unashuka ndani ya kwato kuelekea kwenye unyayo. Ndo hiyo laminaitisi. Maumivu yake ni kama ung'olewe kucha halafu uambiwe usimamie kidole hicho hicho na gunia la mahindi kichwani. Na hapo mguu uliovunjika unaweza ukawa unaunga vizuri tu, haumjui mtu.

Mfano ambao huwa nautoa ni farasi anaitwa Barbaro. Alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani, mwaka 2006, wiki mbili baadaye tarehe 20 Mei kwenye mbio nyingine za Preakness akavunjika mguu wa nyuma wa kulia. Wenyewe hawakumuua. Walimpeleka hospitali ya chuo kikuu cha Pennsylvania, akawekewa bamba la chuma na skrubu 27, akaamshwa kutoka nusu kaputi ndani ya bwawa la maji ili asijipigize. Pesa ipo, madaktari wapo, Marekani nzima inamwombea. Mwezi wa saba laminaitisi ikapiga mguu wa nyuma wa KUSHOTO, ule mzima, wakakata asilimia 80 ya kwato lake. Wakapambana nae mpaka ikashuka na miguu ya mbele, tarehe 29 Januari 2007 wakampumzisha. Miezi minane. Mfupa uliovunjika ulikuwa umeunga kwa sehemu kubwa.

Mkitaka kujua bwawa la nini, miaka ya nyuma, Julai 1975, kulikuwa na jike anaitwa Ruffian, alivunjika kwenye mbio pale Belmont, New York, wakamfanyia upasuaji usiku, upasuaji ukaisha salama. Akaamka. Farasi akiamka kichwani mwake bado yuko kwenye mbio, akaanza kupiga miguu kama anakimbia amelala ubavu, akavunja na piopii yenyewe, ile plasta ngumu, na mguu ukaharibika upya. Wakammaliza pale pale.

"Basi mning'inizeni na mikanda." Huu ushauri huwa unatoka kwa mtu wa tatu kwenye benchi, hajawahi kukosekana. Mikanda ipo na inasaidia kwa muda, lakini huo uzito unahamia kifuani na tumboni, ngozi inachubuka mpaka vidonda, anapumua kwa shida, na farasi mwenyewe ni kiumbe kinachoogopa hata mfuko wa rambo ukipeperuka, sasa umtundike hewani wiki kumi uone.

Wanaopona wapo, nisije nikaeleweka vibaya. Ufa wa mfupa ambao haujaachana unawekewa skrubu na wengine wanarudi hata kukimbia. Vipande vidogo vya kwenye maungio vinatolewa. Nyonga iliyopata ufa, anafungiwa bandani miezi kadhaa anapona. Watoto wa farasi wana nafasi kubwa zaidi kwa sababu ni wepesi. Ndo maana nakasirika na pande zote mbili, huyu anayetaka bunduki kabla sijashuka kwenye gari, na huyu anayeleta vijiti. Kama mfupa hauko nje na mguu haujageuka upande, nifungie vizuri, nipe eksirei, halafu tuongee.

Mengine nitapita haraka.

Mapazia ya kijani sio ya kuficha mauaji. Yanawekwa hata kwa farasi aliyeishiwa pumzi tu, mnyama asione watu, watu wasimpigie kelele, dokta apate pa kufanyia kazi. Wengi wanainuka wanatembea.

Risasi sio unyama kuliko sindano ya kumpumzisha. Ikipigwa na anayejua, amezimika kabla mlio haujafika sikioni mwake. Ila sio katikati ya macho kama kwenye sinema, ni juu ya hapo, na kama hujafundishwa usiguse. Sindano inaonekana ya upole zaidi kwa mwenye farasi, sawa, lakini ile dawa inabaki kwenye mzoga. Akila mbwa anakufa, fisi akila anakufa, na tumbusi wanakuja kundi zima, na tumbusi wenyewe wanaisha. Kwa hiyo nikitumia sindano nataka shimo la kina, na nalisubiri lichimbwe nikiona, sio "tutachimba kesho dokta". Na swali la nyama msiniulize. Farasi wengi wa kazi wameshapewa bute ya maumivu, hiyo dawa haitakiwi kwenye nyama ya kuliwa na mtu, kwa hiyo hata bila ile sindano jibu ni hapana.

"Muache, Mungu atamchukua mwenyewe." Hili nalisikia zaidi kwa punda. Punda kagongwa na bodaboda, mfupa unaning'inia, mwenyewe anasema mbona anakula? Punda anakula hata kavunjika, ndivyo alivyo, anaficha maumivu kwa sababu porini ukionyesha unaliwa. Siku ya tatu usiku fisi wanaanza kumla mzima. Hiyo ndo "kuachia Mungu" mnayoisema? Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama bila sababu ni kosa, hata kama ni wako na ulimnunua kwa hela yako. Ila niseme na ukweli mwingine, punda ni mwepesi na ana akili ya kutulia kuliko farasi, mwenye ufa mdogo nimeshawahi kumfunga akapona, kwa hiyo wenye punda niiteni mapema.

"Wanaua kwa sababu hana faida tena." Hapa mna hoja kidogo. Pesa inaongea, hapa na huko. Lakini farasi jike Eight Belles mwaka 2008 alimaliza wa pili Kentucky Derby, mbio zimeisha, anapunguza mwendo, miguu YOTE miwili ya mbele ikavunjika. Mngemsimamisha na nini? Pale hakuna cha faida wala hasara. Kwangu mimi wa kulaumiwa sio huyo aliyeshika sindano, ni waliokuwa nae miezi sita kabla. Mivunjiko mingi ya mbio haitokani na kukanyaga vibaya siku moja, ni nyufa ndogondogo zimejikusanya kwenye mazoezi, mnyama anachechemea kidogo, anachomwa dawa ya maumivu, anarudishwa uwanjani hasikii maumivu. Msimu wa 2018 kuingia 2019 kwenye uwanja wa mbio wa Santa Anita, California, walikufa farasi kama 30 ndo watu wakashtuka, na mwaka 2022 Marekani mamlaka moja ya kusimamia usalama na dawa za mbio ikaanza kazi. Swali la maadili lilikuwa huko nyuma, kwenye hiyo dozi ya bute ya asubuhi. Na wa kwetu wa kutembezea watalii msijione mko salama, nimeshakuta farasi kapewa bute ili wageni wa saa nne wasikose safari.

Sasa hii ya mwisho inanihusu. Februari moja niliitwa kwenye mazizi upande wa Usa River, jike wa miaka 11, kateleza kwenye mtaro, mguu wa mbele umevunjika juu ya goti na mfupa uko nje. Hakukuwa na cha kujadili. Saisi, yaani mtunza farasi, kamshika hatamu, kavua koti lake kamfunika nalo macho, anamwongelesha Kimeru kwa sauti ya chini. Nikamuuliza mwenye farasi yuko wapi, akasema Ulaya. Tukapiga, simu imezimwa. Tukapiga kwa meneja, meneja anasema yeye hana mamlaka, subirini. Nikatia dawa ya maumivu, ikashika kidogo. Masaa matatu. Jike anatetemeka, jasho linadondoka kwenye vumbi mpaka pamekuwa tope, na saisi hajaachia ile hatamu hata kwenda kunywa maji. Sindano iko mfukoni mwangu muda wote huo. Simu ilivyopatikana mwenyewe alilia, akasema kwa nini mmesubiri?

Kwa hiyo wote wenye farasi Arusha na Moshi, na hili sitaacha kulirudia mpaka mnichoke, chumba cha matandiko kiwe na vitu viwili. Cha kwanza, bomba la PVC la inchi 4 limepasuliwa katikati kwa urefu, pamba roli nne, bendeji na tepu ya gundi ile pana. Mguu ukivunjika chini ya goti unazungushia pamba, unabana na bomba, unamwacha hapo hapo alipo na majani mbele yake, humtembezi, na humpi bute kwanza maana akijisikia nafuu atakanyagia. Cha pili ni karatasi, imesainiwa, imebandikwa ukutani nyuma ya mlango: mwenye farasi asipopatikana ndani ya nusu saa, nani anaruhusiwa kumwambia dokta "endelea", na kama huyo nae hapatikani, jina la saisi liandikwe hapo chini.