Kengele za Zeng: kwa nini kila moja ina sauti mbili

Kengele ya kanisani ni mviringo. Igonge upande wowote wa mdomo, noti ni ileile, na mlio wake unachelewa kufa. Kengele za Mtawala Yi wa Zeng, dola ndogo ya China ya kale, zilizozikwa naye mwaka 433 KK au muda mfupi baadaye, hazikusubiwa hivyo. Zitazame kwa chini: mdomo una umbo la lozi, yaani kuta mbili zilizobinuka zinazokutana kwenye kingo mbili kali.

Gonga katikati ya ukuta, juu kidogo ya mdomo, na hapo katikati ndipo panapotikisika kwa nguvu. Gonga pembeni, kuelekea ukingo, na katikati panatulia huku pembeni pakitikisika. Sauti moja inapochemka, nyingine imelala, ndiyo maana haziingiliani. Tofauti kati yake ni kama kutoka do hadi mi, au la hadi do. Mpigaji akikosea akagonga kati ya sehemu hizo mbili, noti zote mbili hulia pamoja, na muziki umeharibika.

Kingo hizo pia huua mlio upesi, la sivyo wimbo wa mbio ungegeuka uvumi mtupu. Wengi husifu nundu zilizojipanga usoni mwa kengele kwa kazi hiyo. Mimi nazipa sifa kidogo tu: kengele zimetundikwa kwa safu tatu, na kundi zima la safu ya kati halina nundu, nalo ni la muziki vilevile.

Ugumu uko kwa msubu. Kalibu ni vipande vya udongo vilivyounganishwa kuzunguka kiini, na nafasi inayobaki katikati ndiyo ukuta wa kengele. Kiini kikisogea kidogo, upande mmoja unakuwa mnene na noti zinapotea. Kengele ni za shaba iliyochanganywa na bati, asilimia 12 hadi 15 hivi, pamoja na madini ya risasi kidogo. Bati likipungua sauti inafifia, likizidi kengele inapasuka kwa kugongwa. Baada ya hapo fundi hukwangua kuta kwa ndani hadi noti ikae, na alama za kukwangua bado zinaonekana. Kila mkwanguo hugusa sauti zote mbili, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Kaburi liligunduliwa mwaka 1977 huko Leigudun, Suizhou, mkoani Hubei, wanajeshi walipokuwa wakisawazisha kilima ili wajenge. Mwaka uliofuata timu ya Tan Weisi ililifukua: shimo lililochimbwa kwenye mwamba, urefu mita 21, kina mita 13, limejaa maji. Wezi wa kale walikuwa wametoboa paa lakini hazina ikabaki. Maji yalipovutwa kidogo kidogo, boriti za fremu ya kutundikia kengele zikaanza kuchomoza, kengele nyingi zikiwa bado zimening'inia. Zilikuwa 65 katika safu tatu, kubwa kabisa ikiwa na kilo 203.6, ndogo kilo 2.4. Safu ya chini ina mgeni mmoja mwenye mdomo bapa: zawadi ya Mfalme Hui wa Chu, dola jirani, yenye maandishi yanayotaja mwaka wa 56 wa utawala wake, yaani 433 KK. Tarehe ya kaburi imetokana na hayo.

Mwaka 1977, mtafiti wa muziki Huang Xiangpeng alikuwa tayari amesema kuwa kengele za kale za China zina noti mbili kwa makusudi. Wapo waliodhani ni bahati tu ya umbo. Kengele za Zeng zilimaliza ubishi: jina la noti limechorwa kwa dhahabu mahali penyewe pa kugonga, moja katikati na jingine pembeni. Kwenye oktava za kati zinatoa nusu-toni (hatua ndogo za noti) zote 12, na tarehe 1 Agosti 1978 zilipigwa mbele ya watu. Siku hizi kengele zenyewe ziko Makumbusho ya Mkoa wa Hubei, Wuhan, na wanaokwenda kusikiliza muziki hupigiwa nakala.