Mvua au jembe? Maana ya modeli ya maji ya bonde la mto

Modeli ya maji, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa maji ya bonde la mto, ni daftari la hesabu. Mvua ndiyo mapato. Matumizi ni maji yanayorudi angani kutoka kwenye udongo na majani, yanayotiririka mtoni na yanayozama ardhini. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni mita 10 za ujazo, na kila tone lazima lionekane limekwenda wapi.

Chukua Mto Njoro nchini Kenya, unaoshuka kutoka milima ya Mau Mashariki hadi Ziwa Nakuru. Bonde lake, yaani eneo lote ambalo maji yake huishia mtoni, hukatwa vipande, kila kimoja kikiwa na udongo, mteremko na mimea ya namna moja, kisha kila kipande hupewa namba ya mtiririko isiyozidi 100. Namba ikipanda, maji mengi zaidi hukimbia juu ya ardhi. Kwa udongo unaonyonya maji kwa wastani, majedwali yanayotumika, ambayo asili yake ni Marekani, huupa msitu mzuri 55 na shamba la mahindi la mistari iliyonyooka 78. Ikinyesha milimita 60 kwa siku, msituni hutiririka takriban milimita 1.5, shambani, karibu 18. Tofauti hiyo kwa hekta moja tu inajaza matangi 16 ya lita 10,000.

Hapo wengi hukimbilia kusema msitu huongeza maji ya mto. Sivyo hasa. Miti hunywa sana. Ikikatwa, jumla ya maji ya mwaka mtoni huweza hata kuongezeka, ila yanakuja kwa kishindo cha mafuriko na Januari mto unabaki mawe.

Ili kujua kilichobadilisha mto ni mvua au ni jembe, yaani matumizi ya ardhi, modeli huendeshwa mara nne: mvua ya zamani na ardhi ya zamani, mvua mpya na ardhi ya zamani, mvua ya zamani na ardhi mpya, kisha vyote vipya. Ukiruka hatua hii, huna haki ya kumlaumu mkulima wala mawingu.

Makosa makubwa huanzia kwenye vipimo. Kipimamvua cha mjini Nakuru hakijui kilichonyesha juu Mau. Mto Nzoia ukivunja tuta Budalangi, magharibi mwa Kenya, maji yaliyomwagika mashambani hayapiti tena kwenye kipimo cha mto kilicho chini zaidi, na modeli inayolinganishwa na kipimo hicho hujifunza mafuriko madogo kuliko yaliyotokea. Kwa hiyo rekebisha modeli hadi ilingane na vipimo vya miaka kadhaa, kisha ijaribu kwa miaka ambayo haijaiona, ya ukame na ya mvua nyingi.