Kianzio cha Nyumba: Yanayosemwa Mwanza na Yalivyo

Dhana: msaada wa kianzio, yaani fedha ambazo mnunuzi hutanguliza kabla benki haijamkopesha sehemu iliyobaki ya bei, ni fedha za bure.
Wengi huitoa dhana hii kwenye maelezo ya Marekani wanayoyasoma mtandaoni, na hata huko ni kweli nusu tu. Majimbo na miji ya huko huwasaidia wanunuzi kulipa kianzio, lakini mara nyingi fedha hizo ni mkopo wa pili unaodhaminiwa na nyumba ileile, ambao husamehewa mnunuzi akikaa humo miaka iliyowekwa au hudaiwa wote siku nyumba inapouzwa. Mwalimu wa Buswelu hapa Mwanza, kwa mfano, atafute njia za hapa: mkopo wa SACCOS, ambao kwa kawaida hufikia mara tatu ya akiba yake, au utaratibu wa mpangaji mnunuzi, ambapo kodi ya pango ya kila mwezi huhesabiwa kama sehemu ya bei.

Dhana: kianzio kikishakopwa, kazi imekwisha.
Hapa ndipo watu hukwama. Mtumishi wa umma hakatwi mshahara hadi abaki na pungufu ya theluthi moja. Tuseme mwalimu wetu analipwa shilingi 900,000: makato yote, kuanzia kodi ya mapato na mfuko wa hifadhi ya jamii hadi mikopo, hayawezi kuzidi 600,000. Kodi na mfuko vikichukua 180,000, na SACCOS ikichukua 300,000 kwa ajili ya kianzio, benki inakuta 120,000 tu za kukata, na kwa marejesho hayo mkopo wa nyumba unakuwa mdogo kuliko alivyotarajia. Kwa maoni yangu, ni afadhali kuweka akiba miaka miwili zaidi.

Dhana: kianzio ni asilimia 20 ya bei, ndiyo sheria.
Si sheria. Kila mkopeshaji huweka kiwango chake.

Dhana: mwenye kianzio hununua nyumba yoyote.
Nyumba ya mlimani, Igogo au Mabatini, iliyouzwa kwa karatasi ya serikali ya mtaa pekee, haitoshi kuwekwa rehani ya muda mrefu. Benki huulizia hati miliki, na ndiyo maana urasimishaji, yaani kupimiwa kiwanja na kupatiwa hati, una thamani kuliko rangi mpya ukutani. Aidha, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo muuzaji aliyekuja peke yake aulizwe kuhusu mwenzi wake kabla kianzio hakijalipwa.